Miguu Miwili Kwenye Kihenge

Mjomba wangu alikuwa baharia asiyeijua chumvi. Kwa miaka mingi alifanya kazi kwenye MV Umoja, meli iliyokuwa ikivuka Ziwa Viktoria na mabehewa ya treni tumboni, kutoka Mwanza kwenda Kisumu, Port Bell na Jinja. Kila aliporudi, sisi watoto wa dada yake tulijazana sebuleni kwake kuona kaleta nini. Mwaka 1984 hakuleta sabuni wala sukari. Alileta picha.

Ilikuwa picha ya kijiji, kubwa kama sinia la pilau la harusini, imechorwa kwa rangi za mafuta juu ya kitambaa cha amerikani. Wanawake wawili wanatwanga kwenye kinu kimoja. Mwanamume anachunga ng'ombe wenye pembe ndefu kupita mikono yake. Wazee wamezunguka chungu cha pombe, kila mmoja na mrija wake mrefu. Na pembeni, chini ya mti, kuna kihenge cha nafaka ambacho paa lake la nyasi limeinuliwa na kuegemezwa kwa mti, na kwenye ule upenyo inachungulia miguu miwili ya mtoto, nyayo juu.

Tulimwita mtoto aliyemezwa na kihenge. Tulipokosa adabu tulitishiwa naye. Mjomba tulipomuuliza yule ni nani na amefanya nini, alicheka mpaka akakohoa, na jibu hakutoa.

Mjomba alifariki mwaka 2023. Matanga yalipoanuliwa, picha ikaja kwangu, kwa kuwa wengine waligombea redio. Nilipoigeuza niifute vumbi nikakuta maneno ya penseli: Walukuba, Jinja, 1984. Jina la mchoraji halikuwapo. Mimi nilikuwa sijawahi kuvuka mpaka wowote wa nchi hii. Agosti iliyofuata nikaifunga picha kwa khanga mbili za mama, nikachukua pasipoti ambayo haikuwa na hata muhuri mmoja, nikaenda stendi ya Nyamhongolo kabla jogoo hajawika.

Meli zisingenifaa, nikaenda kwa kuzunguka ziwa. Tulipopita Kisesa kumeanza kupambazuka, na upande mmoja wa barabara ilikuwa njia ya kwenda Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma ambayo Padre David Clement alianza kuyajenga miaka ya 1950. Tulipelekwa pale na shule nikiwa darasa la tano. Nakumbuka ngoma kubwa na hadithi za wacheza na nyoka. Nyumba za jadi nilizipita mbio nikiwahi soda. Magu, Lamadi, Bunda, Tarime. Mchana nikagongewa muhuri wa kwanza pale Sirari, na jioni nikalala Kisumu. Asubuhi, tulipofika Maseno, dereva wa matatu akapunguza mwendo akasema, “Hapa ndio Ikweta.” Nikajikuta nimeushika mzigo wangu kwa nguvu, kama kwamba upande wa pili barabara ingeinama.

Busia ndipo safari iliponichekesha. Mji huu umegawanywa na mpaka katikati, na ndiko lilikozaliwa neno bodaboda: vijana wa baiskeli waliowavusha watu na mizigo wakinadi kwa Kiingereza chao kwamba wanakwenda mpakani, “boda, boda!” Siku hizi Kenya na Uganda zinagonga mihuri chini ya paa moja, utaratibu uliozinduliwa rasmi mwaka 2018, kwa hiyo unatoka nchi moja na kuingia nyingine kwa kuhama dirisha. Nilipotoka nje kijana akanivuta mkono: “Jinja, Jinja! Panda teksi!”

Nikamwambia sina hela ya teksi, mimi natafuta daladala.

Akanitazama kwa huruma. “Hii ndio teksi, ssebo.” Akanionyesha basi dogo la abiria kumi na wanne, ambalo kwa kweli lilikuwa limeshapakia kumi na saba. Uganda, daladala ndiyo teksi, na mimi nilikuwa nimejitangaza fukara mbele ya kituo kizima bila sababu. Mama niliyebanana naye kiti cha nyuma alinisikiliza nikieleza ninakokwenda, akamgeukia mwenzake akasema, “Huyu anaongea kama redio.” Nikajua kwamba kuanzia hapo Kiswahili changu kitanitangulia kokote.

Barabara ya kwenda Jinja inapita kwenye mashamba ya mpunga ya Kibimba, kijani ambacho jicho la mtu wa Mwanza hukizoea upesi. Bugiri tulinunua nyama ya mshikaki kupitia dirishani. Iganga tukapoteza saa nzima tukisubiri abiria mmoja wa kujaza nafasi ambayo mimi sikuiona. Baada ya hapo yakaanza mashamba ya miwa ya Kakira, miwa mpaka upeo wa macho, na moshi wa kiwanda cha sukari kilichoanzishwa na ukoo wa Madhvani. Nilihesabu matrekta, nikachoka. Kisha mabati, maghala, mabomba ya moshi yasiyotoa moshi: Jinja.

Nilianza kwa kwenda mtoni, kwa sababu mtu wa Mwanza akifika Jinja ana haki ya kuona maji ya kwao yanakopitia. Ziwa letu hupokea mito mingi lakini mlango wa kutokea ni mmoja tu, na ni huu. Mwingereza John Hanning Speke alifika hapa Julai 1862 akatangaza kwamba ameona chanzo cha Nile. Maporomoko aliyoyaona yalimezwa na maji lilipojengwa bwawa la Owen Falls, ambalo Malkia Elizabeth alilifungua Aprili 1954 na ambalo leo linaitwa Nalubaale. Bwawa ndilo lililoizaa Jinja ya viwanda. Umeme ulipopatikana kikaja kiwanda kikubwa cha nguo cha Nyanza Textile, ambacho kila mtu anakiita Nytil, vikaja vya shaba, vya chuma, vya mbao. Na viwanda vikahitaji watu. Watu wakahitaji pa kulala. Hapo ndipo inapoingia Walukuba.

Dereva wa boda aliongea Kiganda na wenzake pale mjini, Kisoga na mlinzi wa benki, na tulipovuka kuelekea upande wa ziwa, kwenye mistari ya nyumba ndogo zinazofanana kama matofali, akaanza kunisemesha Kiswahili bila mimi kuomba. “Walukuba kila mtu iko na lugha yake,” akasema. “Ukitaka kupata chakula, ongea Kiswahili.”

Mtaa huu ulijengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi. Wakaja Waluo na Wasamia kutoka upande wa Kenya, Waacholi na Walango kutoka kaskazini, Wateso, Wagisu wa Mbale, Waalur wa West Nile, na Wasoga wenyewe wenye nchi. Ukuta wa jirani ulikuwa umbali wa kikohozi, na lugha iliyowezesha kuazimana chumvi ilikuwa Kiswahili. Kwingine Uganda lugha hii imebeba jina baya. Wengi waliisikia kwanza kwa mtu mwenye bunduki. Katiba iliitaja kuwa lugha rasmi ya pili kuanzia mwaka 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaagiza ifundishwe shuleni. Walukuba hawakusubiri agizo. Ni Kiswahili kilichovua viatu: ngeli zimeachwa mlangoni, watu wanaingia ndani na kuelewana.

Nilimwonyesha picha kijana anayekaanga rolex, yale mayai yanayoviringishwa ndani ya chapati. Akamwita muuza dagaa, ambao huku wanaitwa mukene. Yule mama akafuta mikono, akaangalia ng'ombe, akaangalia chungu, na alipofika kwenye kihenge akapiga kofi moja. “Hii miguu! Hii ni ya Muzee wa mabango.”

Muzee alikuwa amekaa chini ya mwembe nyuma ya nyumba ya mwisho ya mstari, kaptura imejaa madoa ya rangi za miaka yote. Jina lake amenisihi niliache, kwa kuwa ana wadai. Mbele yake kitambaa cha amerikani kimewambwa kwenye fremu ya mbao, kimepakwa gundi na rangi nyeupe ili kisinywe mafuta. Nilifungua khanga nikamwekea picha magotini. Hakushangaa. Aliisogeza mbali, akaisogeza karibu, akasema, “Hii ng'ombe mguu wake mbaya. Wakati ule sikuwa najua mguu.”

Hakusoma shule ya uchoraji, wala nyingine kwa muda mrefu. Baba yake, Msamia, alikuwa kiwandani kwenye mashine za kufuma, na pamba iliyokosewa iliuzwa rahisi kwa wafanyakazi. Ndiyo ilikuwa daftari lake. Alianza na mabango ya vinyozi na maduka, akaenda kwenye mabodi ya malori, ambako alijifunza simba, tai na mandhari ya machweo, kwa kuwa wenye malori hawana hamu na kingine. Vijiji vilikuja baadaye. Wazungu wa mtoni walivinunua, na mabaharia pia.

Nikamuuliza kijiji chake ni kipi, hiki alichokichora maisha yake yote.

“Kijiji?” Akacheka. “Mimi nimezaliwa nyumba ile, ya tatu. Kijijini nimeenda kuzika tu.”

Nilisafiri siku mbili kumfuata mchoraji wa maisha ya kijijini, nikakuta mtu wa mjini kuliko mimi. Lakini nilipotulia nikakumbuka kwamba mambo yamekuwa hivyo siku zote. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, akapitia mashamba ya mkonge ya Tanga, na alipoanza kuchora mwaka 1968 alikuwa mtu wa Dar es Salaam, anauza wanyama wake wa rangi za baiskeli nje ya Morogoro Stores, Oysterbay; miaka minne tu baadaye akauawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mwingine. Jak Katarikawe, ambaye ng'ombe wake hubusiana na kuota ndoto, alitoka Kigezi bila elimu ya darasani, akawa dereva; mwalimu wa fasihi wa Makerere, David Cook, ndiye aliyegundua kwamba dereva wake anachora. Ng'ombe wale wa Kigezi aliwachora miaka mingi akiwa Nairobi, na huko ndiko alikofariki mwaka 2018. Hata Sam Ntiro wa Kilimanjaro, msomi aliyempa Katarikawe mafunzo ya mwanzo, alichora Wachaga wakibeba pombe ya ndizi kumpelekea bibi harusi usiku, na picha hiyo ya mwaka 1956 imenunuliwa na makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York. Aliye kijijini hana haja ya kukichora, anacho. Anayekichora ni aliyeondoka.

Muzee wa mabango yeye hakuondoka popote. Basi alichora nini?

Jibu lilikuja lenyewe, na lilikuja na kigoda chake. Ilipofika saa kumi, majirani wakaanza kukusanyika chini ya mwembe. Mzee mmoja wa Kigisu, mstaafu wa reli, akasimama mbele ya kitambaa kipya na kukikagua kama fundi anayekagua ekseli. Mwaka ule ulikuwa shufwa, mwaka wa imbalu, jando la Wagisu ambalo hufunguliwa Agosti pale Mutoto karibu na Mbale, na Muzee alikuwa anamchora kijana anayetahiriwa. “Hapana,” akasema mstaafu. “Huyu anaogopa. Macho yake inaangalia kisu. Kijana wetu anaangalia mbali. Na fimbo yake ishike hapa, nyuma ya shingo. Na unga ya kimea iko wapi usoni?” Muzee akachovya brashi, akaliondoa lile jicho, akamtazamisha kijana mbali.

Kila kitu kimeingia kwenye picha zake kwa njia hiyo. Chungu na mirija alipewa na Wateso, ambao bado wanakunywa hivyo nyuma ya nyumba za mstari wa pili. Pembe ndefu aliletewa na askari wa Ankole aliyekuwa amepanga jirani. Msoga mmoja alimgombeza kwa kuchora marimba makubwa ya embaire yakiwa juu ya ardhi tambarare: pale katikati huchimbwa shimo, ndilo linalofanya sauti iende mbali. Akachimba shimo kwa brashi. Bibi mwingine wa Kisoga alimwimbia tarumbeta za vibuyu, bigwala, kila moja na noti yake moja, mpaka akaelewa kwa nini wapulizaji lazima wawe wengi na wafuatane kwa zamu. Muziki huo UNESCO iliuweka mwaka 2012 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, kwa kuwa wazee wanaoujua walikuwa wamebaki wachache. Yule bibi naye, Muzee akanionyesha kwa kidevu upande wa makaburi, ameshaenda.

Kwa hiyo kijiji kile hakipo. Ukitafuta mahali ambapo ng'ombe wa Ankole wanapita mbele ya chungu cha Teso wakisikiliza marimba ya Busoga, utaizunguka Uganda yote urudi mikono mitupu. Kipo Walukuba tu, chini ya mwembe, kuanzia saa kumi jioni.

Niliona nimpe mtihani mmoja. Mama wa mukene alikuwa amekaa juu ya dumu la njano la maji, lile ambalo huku wanaliita jerikeni. Watoto walipita na mengine matatu. Nikamuuliza mbona kwenye picha zake wote wanabeba mitungi, wakati hata kijijini leo hakuna anayechota kwa mtungi. Nilidhani atasema wageni ndio wanataka hivyo.

“Mimi nachora kitu watu ananiambia,” akasema. “Mtu akikumbuka kwao, hakumbuki jerikeni.”

Mama wa mukene akaliangalia dumu lake, akakubali kwa kichwa.

Ndipo nikauliza lililonileta. Miguu ile ni ya nani?

Muzee akafikiri. Jina hakulikumbuka, na mimi nilipolitaja la mjomba halikumgusa. Alikumbuka kwamba meli ya Watanzania ilipotia nanga mabaharia walikuja Walukuba kula na kucheza bao, na kwamba siku moja alikuwa anachora ghala la Kilango na mmoja wao akasema sivyo. Wakabishana. Yule mtu akapiga magoti akachora kihenge kwenye mchanga kwa kijiti, paa lake limeinuliwa, halafu akachora miguu. “Nikamuuliza, huyu ameanguka? Akasema hapana, weka tu. Akanunua. Kutoka siku ile kila ghala naweka miguu. Watu anapenda. Lakini sijawahi kujua inafanya nini.” Akanigeukia. “Sasa wewe ni wa kwao. Niambie.”

Duara zima lilinitazama. Kila mmoja pale alikuwa ametoa kitu chake. Mimi, Msukuma wa jina na kabila, niliyepita Bujora nikiwahi soda, sikuwa na cha kutoa. Sikujua hata kama kihenge hufunguliwa kwa juu au kwa ubavuni.

Nikampigia mama.

Alianza kwa kuuliza kama nimekula, na nimekula nini, na nimelala kwa nani. Nikaweka sauti kubwa. Nikamweleza miguu ya kwenye picha ya mjomba. Simu ikanyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha, kumbe alikuwa anacheka.

“Ni yeye mwenyewe,” akasema. “Kihenge cha karanga cha baba yetu. Kikishapungua, mkono wa mtu mzima haufiki. Basi wanainua paa, wanamtia mtoto mdogo kuliko wote, anazama na kibuyu chake. Alikuwa ni yeye kila mwaka, maana mimi nilikuwa mnene.”

“Mama, mbona hujawahi kutuambia?”

“Mliniuliza lini?”

Muzee alikuwa amesogea karibu na simu. “Shikamoo mama,” akasema, kwa Kiswahili kilichovaa viatu ghafla. “Samahani. Huko ndani, alikuwa anaogopa?”

“Marahaba baba. Hakuogopa. Alikuwa anaimba.”

“Anaimba?”

“Ilikuwa lazima. Babu alisimama nje kusikiliza. Ukiimba huwezi kutafuna karanga. Wimbo ukikatika tu, unavutwa miguu.”

Mwembe wote ukaangua kicheko, na mstaafu wa reli akalazimika kukaa. Nilipokata simu Muzee hakuwa anacheka. Alikuwa ameishika picha ya mwaka 1984, anaiangalia ile miguu aliyoichora miaka arobaini bila kuijua.

“Miguu nilichora,” akasema. “Wimbo nachora aje?”

Kila mtu akawa na maoni. Mmoja akasema achore mdomo, akajibiwa mdomo uko ndani. Mwingine akasema aandike maneno hewani kama kwenye katuni, akazomewa. Mama wa mukene akangoja kelele ziishe. “Mchore babu,” akasema. “Amesimama hapo nje. Ameinama, ameweka sikio.”

Muzee aliipima nafasi kati ya mti na kihenge kwa upana wa kidole gumba. Ilikuwepo. Halafu akaninyooshea mkono, hakusema kitu, na nikaelewa kwamba anaomba ruhusa ya kuigusa picha ya marehemu.

Nikamwachia. Na kwa kuwa rangi za mafuta hazina haraka, nikalala Walukuba siku moja zaidi, nikisubiri sikio likauke.